Je, Yafaa Kukifurahia Kifo cha Adui?

Liko swali ambalo kila mtu hulijua moyoni mwake, walakini wachache hupenda kulitamka mbele za watu: afapo mtu uliyemchukia, wewe wajisikiaje? Na hilo ulihisilo, je, ni haki yako, au ni maradhi yapasayo kutibiwa? Wahenga walisema, "Adui muombee njaa." Hawakusema tumuombee mauti, lakini twajua ya kuwa wako wayaombao kwa siri, na yanapofika huenda matangani, wakainamisha vichwa na kutoa pole kwa ulimi, ilhali nyoyoni mwao mna jambo jingine kabisa.

Sisi tukaao Kitale na Bungoma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Mlima Elgon twauona kukicha kweupe, na yaliyotokea huko hayajasahauliwa. Ugomvi wa mashamba ya Chepyuk, nani apewe na nani anyimwe, ulizaa mwaka 2006 kundi la watu wenye silaha lililojulikana kwa herufi zake SLDF, likidai kuilinda ardhi ya Wasabaot. Kiongozi wake alikuwa Wycliffe Matakwei Kirui Komon. Kundi hilo, kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch, liliua watu zaidi ya 600. Liliwatoza watu kodi, likawakata masikio walioshukiwa kwenda kinyume chake, likawachukua vijana kwa nguvu wakawe askari wake. Makumi ya maelfu ya watu waliyaacha mashamba yao wakakimbia, wengine wakishuka upande wa Bungoma na wengine upande wa Trans Nzoia. Mwezi wa Machi 2008 Serikali ilipeleka jeshi katika kazi iliyoitwa Operesheni Okoa Maisha, na tarehe 16 Mei 2008 Matakwei akauawa.

Sasa natuulize. Mtu aliyekatwa sikio, au mama aliyechukuliwa mwanawe usiku, alipoipata habari ile akavuta pumzi na kumshukuru Mungu, je, alikosa? Sisi twasema hakukosa. Imepokewa kwamba janaza lilipita mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akaeleza ya kuwa maiti ni wa namna mbili: yuko apumzikaye na taabu za dunia, na yuko ambaye watu, nchi, miti na hata wanyama hupumzika naye. Basi dini haikumtaka aliyedhulumiwa ajifanye ana huzuni asiyokuwa nayo. Mzigo ukituliwa, mabega hupata raha. Wala hapana sheria ya kuyakataza mabega kuihisi raha hiyo.

Lakini raha ni kitu kimoja, na kumfurahia maiti ni kitu kingine. Waarabu wana neno lake, nalo ni shamata, yaani kuufurahia msiba wa adui. Nabii Harun alipokamatwa kwa hasira na nduguye Musa, alimsihi asiwape maadui nafasi ya kumfurahia hivyo. Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo. Mwenye raha hujitazama nafsi yake akasema, "Nimesalimika," kisha akarudi shambani kwake. Mwenye shamata humtazama maiti akasema, "Ameumia," na kwa kuwa maiti hawezi kuumia zaidi, furaha yake haishibi. Kwani aliyemchukia mtu miaka mingi alikwisha kuyapanga maisha yake kwa kumkabili. Afapo yule, huyu hubaki kama mtu aliyekuwa akivutana kamba na mwenziwe, mara mwenziwe akaiachia. Huanguka chini, naye hajui kilichomwangusha.

Shamata ina madhara matatu, nasi twapenda kuyataja moja moja.

La kwanza, hutudanganya kuwa haki imekwisha kutendeka. Matakwei alikufa bila kusimama mbele ya hakimu. Hakuulizwa ni nani waliompa fedha na bunduki, wala hakuulizwa wale waliochukuliwa majumbani mwao usiku walipelekwa wapi. Maiti hajibu. Mamia ya watu wa mlima ule walipotea, wengine mikononi mwa kundi lake na wengine mikononi mwa askari. Mwanamke ambaye mumewe alipotea hivyo hajui kama yeye ni mjane au bado ni mke wa mtu; na bila ya cheti cha kifo hupata taabu hata kulipata shamba la mumewe awalishe watoto. Huyu kifo cha Matakwei kilimpa nini? Kilimpa usalama, nalo si jambo dogo. Lakini pamoja na usalama huo kilimzikia majibu aliyokuwa akiyangoja.

La pili, shamata hutufumba macho tusiione dhulma nyingine. Jeshi lilipopanda mlimani, watu wengi walilipokea kwa furaha hapo mwanzo, nao walikuwa na sababu. Lakini askari waliwakusanya wanaume na vijana kwa maelfu, wenye hatia na wasio na hatia, na wengi wakapelekwa katika kambi ya Kapkota. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilieleza mwaka ule ule wa 2008 jinsi watu walivyopigwa na kuteswa, ingawa jeshi lilikana. Wako waliochukuliwa wasirudi hata leo. Ni rahisi kwa mwenye furaha kusema, "Waache, wanamtafuta adui yetu." Baadaye kesi ilipelekwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha kwa ajili ya hao walioteswa na kuuawa, na mwezi wa Machi 2012 majaji wa rufaa waliamua ya kuwa ilifunguliwa nje ya muda uliowekwa. Tazameni basi: furaha haina haraka ya kuuliza, na sheria haina subira ya kungoja.

La tatu, chuki iliyokosa mtu wake hutafuta warithi. Adui amekufa, lakini yuko mkewe, wako watoto wake, uko ukoo wake, na iko lugha yake isikikayo sokoni. Wangapi katika vijana waliobeba bunduki kule mlimani walichukuliwa kwa nguvu? Na mama zao, ambao walilia milango ikiwa imefungwa kwa kuogopa majirani, walikuwa na kosa gani? Katika sira imepokewa ya kuwa Ikrima, mwana wa Abu Jahli, alipokuja kusilimu, Mtume aliwakataza masahaba kumtukana babake mbele yake, kwani tusi la maiti halimfikii maiti, bali humuumiza aliye hai. Abu Jahli alikuwa adui asiye na mfano. Hata hivyo mwanawe hakufanywa kuwa mrithi wa chuki.

Yupo atakayetuambia, "Haya ni maneno mepesi kwa ambaye hakukatwa sikio." Ni kweli, nasi hatumwamrishi mtu yeyote kumpenda aliyemdhulumu, wala hatumdai machozi. Wahshi, aliyemuua Hamza katika vita vya Uhudi, alipokuja kusilimu alipokewa na damu yake ikahifadhiwa. Lakini Mtume alimuomba, kama aweza, asimwoneshe uso wake. Hamza alikuwa ami yake, na moyo ni moyo. Hapo ndipo twaujua mpaka: moyo haukulazimishwa kusahau, lakini mkono ulizuiliwa usidhulumu. Twaulizwa kwa tulitendalo kwa chuki zetu kabla hatujaulizwa kwa nini tumechukia.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya wanaofurahi tu. Idi Amin alikimbia Uganda mwaka 1979, akafa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, naye pia hakusimama mbele ya mahakama yoyote. Sisi wa mpakani twamjua. Treni zilizowachukua Waasia aliowafukuza mwaka 1972 zilipita Malaba na Bungoma kuelekea Mombasa, na Waganda wengi walivuka mpaka kuja kwetu kuokoa roho zao. Alipokufa wako waliofurahi. Na katika Waislamu wako waliomlilia, wakakumbuka kwamba Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda liliundwa zamani zake, mwaka ule ule wa 1972. Kumlilia mtu si haramu. Lakini kumtetea dhalimu kwa ajili ya jina lake, na kuwanyamazia aliowaua, ni ndugu ya shamata. Kwani huyu naye, kama yule, hakutazama haki bali alitazama upande. Anayefurahia kifo cha dhalimu wa wenzake na kumtakasa dhalimu wa kwao ana ugonjwa mmoja wenye sura mbili.

Basi afapo mtu tuliyemchukia kwa haki, yatupasa nini? Kwanza, tumshukuru Mungu kwa usalama, na shukrani hiyo isiwe ngoma mlangoni mwa wafiwa. Pili, tuyaseme aliyoyatenda kwa ukweli bila ya kuongeza wala kupunguza, kwani ushahidi si matusi, na kumsafisha maiti kwa uongo ni kuwadhulumu aliowadhulumu. Tatu, tuendelee kuwauliza walio hai yale ambayo maiti hawezi kuyajibu: waliopotea wako wapi, na mashamba yatagawanywa kwa uadilifu gani ili ugomvi wa Chepyuk usizae kundi jingine? Nne, watoto wake wakija dukani petu, shuleni petu au mlangoni petu, wapokewe kama watoto wengine.

Hilo la nne ndilo mizani. Mtu akitaka kujua kama moyoni mwake mlikuwa na raha au shamata, asijiulize siku ya mazishi, kwa maana siku hiyo moyo husema mengi. Na ajiulize mwaka mmoja baadaye, mtoto wa yule maiti anapomwamkia njiani.

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhulma ya madhalimu, na atuepushe kuwa warithi wao. Amin.