JUMANNE: Mkate wa Tini Juu ya Jipu

Soma 2 Wafalme 20:1-7. Kwa nini Isaya aliagiza mkate wa tini, wakati Bwana alikuwa ameshaahidi kumponya mfalme?

Hezekia alikuwa tayari na neno la Mungu: angepona, na miaka 15 ingeongezwa kwenye siku zake. Hata hivyo nabii yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza dawa. Hakuna mahali fungu hili linapoonyesha kwamba Hezekia aliziona tini kuwa dharau kwa machozi na maombi yake.

Mama mmoja shemasi aliishi na kisukari kwa miaka mingi. Mistari ya Biblia ilipoanza kupinda machoni pake, kliniki ya macho ilikuta mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho la kulia inavuja. Akaanza kuchomwa sindano ndani ya jicho, moja kila mwezi. Baada ya sindano ya tatu aliweza kusoma lesoni bila kumwita mjukuu. Alitoa ushuhuda siku ya Sabato, na kanisa lote likasema Amina.

Kisha akafikiri hivi: jicho limepona, Bwana amejibu, vidonge ni vya nini tena? Akaacha metformini, halafu insulini ya jioni. Wapo waliomsifu kwa imani yake. Miezi michache baadaye sukari ilikuwa juu sana, na jicho la kushoto, lile ambalo halikuwahi kumsumbua, likavuja damu ndani.

Kosa lake halikuwa kushukuru. Sindano ya jicho hupunguza uvujaji, na leza husaidia kuzuia mishipa mipya, dhaifu, isiendelee kuota. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoshusha sukari iliyo katika damu. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1993, ulifuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Miongoni mwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, waliodhibiti sukari kwa bidii walipunguza hatari ya ugonjwa huu wa macho kwa asilimia 76.

Liko jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishushwa kwa haraka, macho yaliyokwisha kuathirika yanaweza kuzidi kuwa mabaya kwa muda. Hiyo si sababu ya kuacha dawa, kwa maana baada ya miaka waliodhibiti sukari walibaki na macho bora. Ni sababu ya kuiambia kliniki ya macho pale insulini inapoanzishwa au dozi inapobadilishwa, na kwenda na daftari la kliniki moja katika kliniki nyingine.

Vivyo hivyo kuhusu kufunga. Anayetumia insulini au glibenklamidi azungumze kwanza na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Mungu hajamtaka mtu azimie kwenye benchi la kanisa ili ombi lake lisikiwe.

Soma Marko 8:22-25. Yesu alipomwuliza kipofu wa Bethsaida kama anaona kitu, yule mtu alisema ukweli: watu walionekana kama miti inayotembea. Hakutoa ushuhuda wa kuona vizuri kabla hajaona vizuri. Yesu hakumkemea kwa jibu lile. Aliweka mikono juu ya macho yake mara ya pili.

Je, yuko mtu katika darasa lako anayeogopa kusema kwamba bado anatumia dawa, au kwamba ameziacha? Utamwulizaje Sabato hii bila kumwaibisha?