Kwa Nini Mashujaa Hawakuvimaliza Vita?



Vijana wenzangu, wapenzi wa vibonzo vya mashujaa wanalijua swali hili. Mwaka 1940 watunzi wa Marekani walikusanya mashujaa kadhaa katika kundi moja, Justice Society of America. Mmoja wao, Spectre, ni roho ya askari mpelelezi aliyeuawa, na uwezo wake karibu hauna mpaka. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeshawaka. Sasa, kwa nini kundi lile lisiende Berlin asubuhi likamkamata Hitler, na jioni watu wakalala kwa amani?

Mwaka 1981 mtunzi Roy Thomas alijibu katika All-Star Squadron. Hadithi inarudi Desemba 1941, Pearl Harbor imeshambuliwa, na Rais Roosevelt anawaita mashujaa wote waungane. Lakini Ulaya hawaendi, kwa sababu Hitler anao mkuki uliomchoma Yesu ubavuni. Shujaa mwenye nguvu za ajabu akikanyaga eneo lake, mkuki unamgeuza kuwa mtumwa wa Hitler.

Kama hadithi, inanoga. Hata historia ina kipande chake: mwaka 1938 utawala wa Hitler ulichukua kutoka Vienna mkuki wa kale ulioheshimiwa kuwa ndio ule, ukaupeleka Nuremberg. Aliyeuchukua alishindwa, na mkuki ukarudishwa Vienna.

Ila kiimani hapo pana tatizo. Fungua Yohana 19:34. Mkuki unamchoma Mtu aliyekwisha kufa, na zinatoka damu na maji. Mababa wa Kanisa waliona humo Ekaristi na Ubatizo. Neema ilitoka ubavuni. Chuma hakikuwa na chochote cha kutoa. Na sisi je? Tukivaa rozari kama hirizi, hata kuisali hatuisali, tumerudi kwenye chuma. Katekisimu, namba 2111, inauita huo ushirikina: kutegemea sala au ishara kwa umbo lake la nje tu, moyo haupo.

Tuache mkuki, swali bado lipo, maana Mungu naye tunamuuliza hivyo hivyo. Mama anaumwa, tumesali, kimya. Wewe unaweza yote, mbona huingilii?

Katika falsafa, aliyenisaidia hapa ni Thomas wa Akwino. Kanisa linataja fadhila nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Kuhusu hiyo nguvu, Thomas anasema tendo lake kuu ni kustahimili, zaidi ya kushambulia. Anayeshambulia hujiona amemzidi adui. Anayestahimili amezidiwa, hatari iko mbele yake sasa hivi, tena kwa muda mrefu, na bado haliachi jema. Kumlinda mnyonge kwa silaha kunaweza kuwa wajibu, Kanisa halikatai. Lakini kipimo cha nguvu kiko kwingine.

Mwaka huo huo 1941, kambini Auschwitz, mfungwa mmoja alitoweka, na wenzake kumi wakachaguliwa wafe kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, akamlilia mkewe na watoto wake. Padre Maximilian Kolbe akajitokeza akachukua nafasi yake. Tarehe 14 Agosti akauawa kwa sindano ya sumu. Gajowniczek aliishi hadi 1995.

Kwa hesabu ya vibonzo, Kolbe alishindwa. Kambi haikufungwa, na vita viliendelea karibu miaka minne. Lakini hebu fikiria: mkuki ule ungemfanya nini? Shujaa wa hadithi anageuzwa kwa sababu nguvu zake ni silaha, na silaha huhama mkono. Mtu aliyekwisha kuutoa uhai wake kwa upendo, utamshika wapi?

Sisemi kwamba hili linamaliza swali la mama anayeumwa. Linatuonyesha tu Mungu alichagua kusimama upande gani wa mkuki: upande wa anayechomwa. Ukikaa kitandani kwa mgonjwa ambaye huwezi kumponya, umesimama hapo naye, na hiyo ni nguvu.

Wiki hii tafuta mtu mmoja wa kukaa naye hivyo. Na rozari uliyoivaa, isali.

Mtakatifu Maximilian Kolbe, utuombee.