Mawaidha kwa Msafiri Aendaye Kilosa na Mikumi

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akapitisha ndani yake njia, ili waja wake wapate kwenda huku na huku katika kutafuta fadhila zake. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyesafiri kwa biashara kabla ya kupewa utume, na akahama kwa ajili ya dini baada ya kupewa. Na ziwashukie Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu wa mwambao, khabari ya safari ni khabari yetu sote. Hapana nyumba katika miji yetu isiyokuwa na mtu aliyepanda bara. Huyu amekwenda Kilosa kununua mahindi na vitunguu, yule ana mtoto wake kazini Mikumi, na mwingine ameitwa kwenye maziko. Zamani safari hiyo ilikuwa ya miguu na ya siku nyingi. Wajerumani wakaanza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Na tangu mwaka 1964 nyika ya Mikumi imekuwa hifadhi ya wanyama, na barabara kuu iendayo Iringa hata Zambia yapita katikati yake. Kisha mwaka 2024 ikaanza treni ya umeme baina ya Dar es Salaam na Dodoma, nayo yapita Kilosa. Njia ambayo mababu waliipima kwa siku, sisi twaipima kwa saa.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, aendaye Makka ana thawabu za safari yake. Je, mimi niendaye Kilosa kununua mahindi, nina nini?" Nikamjibu kwa mukhtasari siku ile, na katika waraka huu nataka kumjibu kwa urefu, yeye na wenziwe.

Jua, ewe ndugu, yakwamba safari haiwi ibada kwa sababu ya mji uendao, bali kwa nia utokayo nayo mlangoni na kwa haki uzitimizazo njiani. Mtume (s.a.w.), katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Sayyidna Omar bin Khattab, ametufunza kuwa amali huhisabiwa kwa nia, na mfano alioutoa hapo ni mfano wa msafiri. Watu wawili huhama kwa njia moja. Mmoja akahamia kwa Mungu na Mtume wake, na mwingine akahamia dunia aitakayo au mwanamke amtakaye kumuoa. Vumbi lililowapata ni moja, na jua lililowachoma ni moja, lakini kila mmoja amepata kile alichokikusudia.

Basi mnunuzi wa mahindi akinuia kuwalisha watoto wake kwa halali, na kutomdhulumu mkulima katika mizani, na kumtazama jamaa yake aliyeko huko, amekwisha ingia katika ibada kabla gari halijaondoka. Wala hakuongeza nauli wala hatua moja. Na asiyenuia kitu, amekwenda na kurudi kama gunia lililopakiwa na kupakuliwa.

Na msidhani kuwa haya ni maneno ya mawaidha tu. Ni hukumu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji kwamba mwenye kutangatanga, asiyekusudia mahali maalumu, hapunguzi sala hata akizunguka masafa marefu. Na mwenye kusafiri kwa maasi hana ruhusa za msafiri. Tazama basi: watu wawili wamekaa kiti kimoja katika basi moja liendalo Mikumi. Mmoja aenda kuhani msiba, huyu sheria yamwambia, "Sali rakaa mbili mahali pa nne, Mola wako amekukhafifishia." Wa pili amekimbia na amana ya watu, huyu sheria yamwambia, "Wewe huna takhfifu, sali nne kamili." Gari ni moja, njia ni moja, na sala zao zimekuwa mbali mbali, kwa sababu ya kile kilichomtoa kila mmoja nyumbani kwake.

Na historia ya njia hii yatosha kutuonya. Misafara ya zamani ikitoka Bagamoyo, ikivuka nyika ya Mkata, ambayo katika masika huwa kinamasi, ikaingia bonde la Mkondoa huko Kilosa na kuendelea bara. Katika njia hiyo walipita watu waliobeba nguo na shanga kwa biashara ya halali, na walipita watu waliochukua Kurani na ilmu. Na katika njia hiyo hiyo wakateremshwa watu wenye kufungwa minyororo, wametekwa makwao na kupelekwa pwani kuuzwa. Biashara hiyo ilikatazwa baharini kwa mkataba wa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash, na utumwa wenyewe ukaondolewa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Wako miongoni mwa walioteka waliokuwa wakishika tasbihi. Tasbihi haikuihalalisha safari ile; wala sisi tusidhani kuwa dua ya kupanda gari yahalalisha mzigo wa wizi.

Mwenyezi Mungu naye huifanya safari atakavyo. Katika waliochukuliwa utumwani kutoka upande wa Kongo hata Bagamoyo alikuwamo mtoto Yahya bin Abdallah. Mtoto huyo akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Kadiria, naye ndiye Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Watu wa pwani, ambao katika miji yao mwanadamu aliuzwa, wakaja kukaa chini mbele yake kutaka ilmu. Aliyeletwa kwa nguvu amepata heshima ya dunia na, twaomba, ya akhera. Na waliomleta watajibu kwa nia zao.

Sasa nitataja mambo ambayo msafiri wa Kilosa na Mikumi hana budi kuyajua.

La kwanza ni kabla ya kutoka. Lipa deni lililokwisha fika wakati wake, au umtake ruhusa mwenye kukudai, rudisha amana, waachie watu wa nyumbani nafaka yao. Kisha sali rakaa mbili na uwaage wakubwa wako. Mwenye kumwacha mkewe hana unga, akenda akisoma nyiradi njia nzima, amebeba nuru mkononi na kuacha giza nyumbani.

La pili ni masafa. Kupunguza sala kwataka safari ya marhala mbili, na wanavyuoni wengi wa zama hizi wameikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Kutoka Dar es Salaam hata Kilosa au Mikumi ni zaidi ya hizo mara tatu, hapana shaka. Lakini mkaazi wa Kilosa aendaye Mikumi na kurudi, njia yake haifiki kilomita 80. Naye asali sala kamili. Wala usianze kupunguza hali ungali katika majumba ya mji wako. Subiri mpaka uyapite. Na ukinuia kukaa huko siku nne kamili, pasipo kuhisabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, basi ukifika umekuwa mkaazi, na ruhusa imekwisha.

La tatu ni kibla. Makka kwetu sisi iko kaskazini, na kwa mtu wa Kilosa na Mikumi ni kaskazini yenye kuelekea mashariki kidogo. Basi ukiwa katika treni ukitoka pwani kwenda Kilosa, aghalabu kibla ni mkono wako wa kulia. Ila njia hupinda, basi uitazame tena kila sala. Sala ya sunna waweza kuisali juu ya kipando chako kwa kuelekea uendako. Ama ya faradhi, haisihi ila kwa kibla na kwa nguzo zake, kisimamo na rukuu na sijda. Ukizuilika kabisa na wakati ukawa watoka, sali kama uwezavyo kwa kuuheshimu wakati, kisha uirudie ukifika.

Na hapa sina budi kueleza yaliyonipata mimi mwenyewe, ingawa hayanipambi. Nilipanda basi siku moja kwenda Mikumi kumhani mwanafunzi wangu aliyefiwa na babake. Wakati wa adhuhuri nilinuia kuichelewesha niikusanye na alasiri, na hiyo ni ruhusa. Lakini gari liliharibika njiani, likakaa sana. Tulipofika Doma jua limeteremka, na mbele yetu ni hifadhi, kiasi cha kilomita 50 za barabara, ambapo abiria hashuki, kwa kuwa ni mahali pa simba na tembo. Nikajua moyoni kwamba tukiingia mle, magharibi itatukuta ndani, na sala mbili zitakuwa zimenipita. Gari likasimama kidogo kumshusha mtu. Nami nikanyamaza. Niliona haya kumwambia dereva "ningoje" mbele ya watu ambao wamekwisha choka na kukasirika kwa kuchelewa.

Akainuka kijana mmoja, mchukuzi wa vitunguu, nguo zake zimejaa vumbi. Akamwambia dereva kwa upole, "Kaka, twakuomba dakika kumi tusali, huko mbele hapana pa kushuka." Dereva hakuwa Muislamu. Akamtazama, akazima injini, akasema, "Nendeni, nitawangoja." Kisha kijana akaja mpaka penye kiti changu, akaniamkia, "Shikamoo, sheikh. Maji yapo huku nyuma ya duka. Njoo utusalishe."

Nilishuka. Wakashuka watu kumi na mmoja, ambao kila mmoja alikuwa akingoja mwenziwe aseme. Nikawasalisha adhuhuri rakaa mbili na alasiri rakaa mbili, na wallahi sikumbuki sala niliyoisali kwa haya kama ile. Mlango wa sala ya msafiri nimeusomesha zaidi ya miaka thelathini, nami najua sharti zake na khitilafu zake. Kijana yule hakuzijua, lakini alijua kusimama na kusema. Ilmu yangu ilikaa kitini, na imani yake ikasimama. Tangu siku ile, kila nikisomesha mlango huo, huwaambia wanafunzi kwamba katika adabu za safari kuna moja ambayo sikuisoma kitabuni: mtu asiwaonee haya abiria wenziwe kuliko anavyomwonea haya Mola wake. Na huwaambia pia wamwombe dereva kwa lugha njema, wasimwamrishe, na warudi kwa wakati walioahidi, kwani tulipokawia kuvaa viatu, kijana yule alituharakisha akasema, "Ametupa dakika kumi, tusimvunjie."

La nne ni viumbe wa njiani. Tulipoingia hifadhini jua lilikuwa limeegemea milima, na twiga na nyati wakila katika nyika ya Mkata. Mwenyezi Mungu ametukhubirisha katika Suratul An'am kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu, na katika Suratul Ankabut ametuamuru kwenda katika ardhi na kutazama vipi alivyoanza kuumba. Basi atazamaye tembo na mtoto wake akamtukuza Muumba, amesoma aya. Na atupaye chupa dirishani, au aendeshaye kwa kasi usiku akamgonga mnyama avukaye, amekosa adabu na umma mwengine katika nchi yao. Mtume (s.a.w.) ametupa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfunga mpaka akafa kwa njaa, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Usiseme huyu ni mnyama tu.

La tano ni ulimi na dua. Gari lipandapo mlima leta takbiri, literemkapo leta tasbihi, ndivyo walivyokuwa Sahaba. Dua ya msafiri ni katika dua zisizorudishwa. Basi ni khasara iliyoje kuitumia safari nzima katika kusengenya na kutazama simu, na mlango wa mbingu u wazi! Waombee wazazi wako, mwombee uliyemkosea, na mwombee kheri hata huyo dereva aliyekungoja.

La mwisho ni kurudi. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa safari ni kipande cha adhabu, humzuilia mtu chakula chake na usingizi wake, basi haja ikiisha, rudi kwa watu wako upesi. Nao wapelekee kitu, ingawa ni kidogo.

Enyi ndugu zangu, sisi sote tumo safarini, na tiketi ya kila mmoja imeandikwa kituo chake. Kitafika kituo ambacho dereva wake hangoji dakika kumi. Basi tuzitengeneze nia zetu katika safari hizi ndogo za Kilosa na Mikumi, ili ile kubwa itukute tumekwisha zoea.

Ewe Mola wetu, tujaalie kutoka kwetu kuwe kwa ajili yako, na kurudi kwetu kuwe kwako. Mlipe kheri kijana yule, na umwongoze dereva yule kwa wema wake. Utusamehe sisi tujuao na kunyamaza. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.