Jina la Kubembelezea na Jina la Mtu

Kumpa mtoto jina ni tendo ambalo mwenyewe hana nafasi ya kulikataa. Hakuulizwa, wala hawezi kuulizwa. Naye atalichukua jina hilo shuleni, kazini, katika ndoa na hata juu ya kaburi lake. Kwa hiyo hatulioni kuwa dogo swali hili: Je, yafaa mtoto mwanamume aandikwe katika kitabu cha Ubatizo kwa jina la Misha, ambalo Warusi hulitumia kwa kubembeleza?

Tuseme wazazi Wakatoliki wakaao Wete, kisiwani Pemba, wamejaliwa mwana, nao wamelipenda jina hilo. Si ajabu likawafikia huko. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, vijana wa Unguja na Pemba walipelekwa kusoma katika nchi ya Wasovieti, nao walizoea majina ya wenyeji wao. Tena mwaka 1980 Misha lilikuwa jina la dubu aliyekuwa alama ya Michezo ya Olimpiki ya Moscow, ambako Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walijipatia medali za fedha. Ni jina jepesi kutamka. Wala lisisemwe kuwa ni la kike kwa kuwa lamalizika kwa a, maana hata sisi tunao akina Juma na Musa.

Lakini tuwaulize Warusi wenyewe. Kwao Misha ni ufupisho wa Mikhail, yaani Mikaeli. Mama humwita mwanawe hivyo, na rafiki humwita rafiki yake. Akiwa mwalimu au daktari, watu humwita Mikhail, wakiunganisha na jina la baba yake, na ndiyo heshima. Desturi hii haiko mbali na yetu ya pwani. Abdallah huitwa Dula na wenziwe, lakini cheti chake chamtaja Abdallah, kisha baba yake, kisha babu yake. Basi, kumwandika mtoto Misha na kuishia hapo ni kama kumpa mbeleko na kumnyima kanzu. Mbeleko ni nguo ya mapenzi, lakini haimfai mtu mzima kusimama nayo barazani.

Huenda msomaji akatujibu kwamba hata majina ya watakatifu wengine yalianza kuwa majina ya kupanga. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuwezi kuyapita kimya. Petro aliitwa Simoni, na Bwana ndiye aliyempa jina la Mwamba. Fransisko wa Assisi alibatizwa Yohane. Yasimuliwa kwamba baba yake, mfanya biashara wa vitambaa, ndiye aliyemwita Fransisko, yaani Mfaransa, aliporudi kutoka Ufaransa. Jina hilo la kigeni limekuwa jina la mtakatifu, na mwaka 2013 likawa jina la Papa. Hivyo hatuwezi kusema kwamba jina la kupanga ni aibu, wala kwamba ugeni wa jina ni kosa.

Lakini tuangalie vema. Simoni alipewa jina jipya akiwa mtu mzima, pamoja na kazi ya kufanya. Fransisko alilitukuza jina lake kwa maisha yake, naye alikuwa amekwisha kupewa jina la Yohane kisimani. Jina la kupanga hukua pamoja na mwenyewe. Jina la Ubatizo humtangulia. Humpa mlinzi na mfano kabla hajajua kutembea.

Tena iko lakabu ya Kirusi iliyofuata njia ya kinyume. Yule aliyejiita Stalin, kwa neno lenye maana ya chuma cha pua, alibatizwa Iosif, yaani Yosefu. Mwaka 1925 mji wa Tsaritsyn ulipewa jina lake ukawa Stalingrad. Mwaka 1961 ukabadilishwa tena ukawa Volgograd. Serikali yaweza kung'oa vibao vya mji. Mtoto aliyepewa jina kwa kufuata sifa za wakati hufanyaje wakati huo ukipita?

Kanisa halitoi orodha ya majina. Sheria yake ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko aongeze jina la mtakatifu ikiwa wazazi hawakukubali jina la Kikristo. Sheria ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, yawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba jina lisiwe geni kwa fikira za Kikristo. Misha halikatazwi. Lakini lisilokatazwa si lazima liwe ndilo bora.

Wako wazazi wasemao kwamba Pemba, ambako Wakatoliki ni wachache mno, jina la mtakatifu litamtenga mtoto na wenzake. Twaielewa hofu yao, maana mtoto apenda kufanana na wenzake. Lakini kwa Mikaeli hofu hiyo haina mahali. Malaika huyo ametajwa katika Kurani pia, na jirani Mwislamu amjua kwa jina la Mikaili. Misha halitamwambia jirani lolote. Mikaeli litamwambia kwamba wote wawili wamheshimu mjumbe mmoja wa Mungu.

Basi shauri letu kwa wazazi ni hili. Mwandikeni Mikaeli katika kitabu cha parokia na katika cheti cha serikali, na nyumbani mwiteni Misha mpendavyo. Akipata akili, mwelezeni kwamba majina hayo mawili ni jina moja. Siku atakapotaka kuliacha la utotoni, aliache bila kuomba ruhusa ya mtu. Na akitaka kulishika hata uzeeni, basi liwe limechaguliwa naye mwenyewe.