Mipaka ya Kuchungulia

Kuchungulia kwa ajili ya usalama ni kitendo ambacho fiqhi ya Kiislamu ilikwisha kukijadili kwa kina karne nyingi kabla ya simu kufika Kisiwa cha Pate, katika pwani ya Kenya. Swali lenyewe halijabadilika: mtawala anayeogopa shari ana haki gani ya kuyaona yale ambayo raia ameyasitiri? Kilichobadilika ni chombo. Zamani alihitaji mtu wa kupanda ukuta. Leo anahitaji mnara wa simu na karani wa kampuni.

Mtangawanda swali hili haliulizwi kwa starehe. Ni gati la magharibi mwa kisiwa, ambako mashua za kutoka Lamu, zikiisha kupita mkondo wa Mkanda maji yakijaa, hushusha abiria wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Ng'ambo ya Ghuba ya Manda, upande wa bara, ndipo ilipo kambi ya kijeshi iliyoshambuliwa na kundi la al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020, Wamarekani watatu wakauawa. Kabla ya hapo, Juni 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa katika mji wa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Hatua za usalama za miaka hiyo ziliwagusa hata wasiohusika: amri ya kutotoka nje usiku, na kwa miaka kadhaa marufuku ya kuvua usiku, iliyowakata wavuvi riziki. Hofu ya serikali katika eneo hili si ya kubuni. Lakini gharama ya hofu hiyo nayo si ya kubuni, na walioilipa wengi hawakuwa na kosa.

Msingi wa hukumu uko katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inayokataza mambo matatu kwa mfululizo: dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Mfululizo huo una mantiki yake. Dhana huzaa upelelezi, upelelezi huzaa habari, na habari haikai mkononi bila kusimuliwa. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inaongeza adabu ya hodi: mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka apate idhini na awatolee salamu wenyewe, na akiambiwa arudi, arudi. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyechungulia tunduni nyumbani kwa Mtume, naye Mtume akabainisha kwamba idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Kwa kisa hiki hukumu ya kale inazifikia zama za simu, kwa kuwa kuingia si kwa miguu peke yake. Anayesoma ujumbe wa mtu bila ruhusa amekwisha kuingia, hata kama yeye yuko Nairobi na mwenye simu yuko Siyu.

Waswahili wa visiwa hivi waliijenga adabu hiyo kwa mawe na chokaa. Katika nyumba za kale za Pate, Siyu na Lamu mgeni huanzia dakani, penye viti vya mawe mbele ya mlango. Akipita hapo hufika tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kisha kiwanda (ua wa ndani), kisha misana (vyumba virefu), na mwisho ndani, pasipofikwa na kila mtu. Njia ya kuingilia hupindishwa ili mpita njia asione kiwanda hata mlango ukiwa wazi. Sitara ilikuwa ya ngazi, na kila mgeni aliijua ngazi yake.

Kisa mashuhuri kuliko vyote katika mlango huu ni cha Khalifa Umar bin al-Khattab, na mwanachuoni al-Ghazali amekinukuu katika kitabu chake Ihya Ulumiddin. Umar, akizunguka Madina usiku, alisikia sauti nyumbani kwa mtu, akaparamia ukuta, akamkuta na mwanamke na pombe. Alipomkaripia, yule mtu alimjibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, Khalifa amemwasi kwa matatu: amepeleleza ilhali Mungu amekataza, ameingia kwa ukuta ilhali nyumba huingiwa kwa milango, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar hakuwa na jibu. Alimwachilia baada ya mtu huyo kuahidi kutubu.

Kisa hiki kinastahili kusomwa polepole, kwa sababu kinaivunja hoja inayopendwa sana na watetezi wa upelelezi wa mitandao, kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Mtu yule alikuwa na la kuficha. Alikuwa na kosa, na kosa lenyewe zito, wala hakulikana. Pamoja na hayo haki ilikuwa upande wake katika suala la ukuta. Kwa hiyo sitara si tuzo ya watu wema. Ni mpaka aliowekewa mtawala, na haufutwi na yale anayoyakuta akishauvuka. Hoja ya asiye na la kuficha inakosea tangu mwanzo, kwani inaulizia hali ya anayechunguliwa na kuusahau wajibu wa anayechungulia.

Hata hivyo fiqhi haikuufanya mpaka huo kuwa usiovukika abadani. Abul-Hasan al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki 1058 na mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa Lamu hadi leo, ameuzungumzia mlango wa dharura katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya. Mtu mwaminifu akileta habari kwamba fulani amejifungia na mwingine ili amuue, inajuzu kupeleleza na kuingia, kwa kuchelea jambo lisiloweza kurudishwa. Kwa makosa yaliyo chini ya hapo haijuzu kuvunja sitara ya mtu. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, anakubaliana na msingi huo: muhtasibu, yaani msimamizi wa maadili ya umma, hushughulikia ovu lililo dhahiri, na aliyefunga mlango wake haingiliwi maadamu ovu lake halijapita kuta na kutoka nje.

Dharura ya al-Mawardi ina mambo manne ndani yake: mleta habari anayeaminika, mshukiwa anayejulikana, madhara yasiyofidika, na wakati unaobana. Ukiyapima mashambulizi ya Mpeketoni na Ghuba ya Manda kwa kipimo hiki, mlango unafunguka. Mwanachuoni atakayesema haijuzu kuinasa simu ya mtu ambaye ushahidi wa kuaminika unaonyesha anapanga mauaji ya namna ile atakuwa ameisahau nusu ya pili ya fiqhi yake.

Sheria za Kenya, kwenye karatasi, hazikai mbali na hapo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamlinda mtu asipekuliwe mwili wake, nyumba yake wala mali yake, asitakiwe kutoa habari za familia yake au za faragha bila ulazima, na asiingiliwe katika mawasiliano yake. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaruhusu kunasa mawasiliano kwa amri ya Mahakama Kuu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 nayo inamtaka afisa aende mahakamani kabla ya kukusanya au kunasa mawasiliano ya mshukiwa papo kwa papo. Hakimu hapo anasimama mahali pa swali la al-Mawardi: nani amekwambia, unamshuku nani, na kuna hatari gani? Ufa uliingia Desemba 2014, pale sheria ya marekebisho ya usalama ilipovipa vyombo vya usalama wa taifa uwezo mpana zaidi wa kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi. Mnamo 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria hiyo, lakini kifungu hicho cha kunasa mawasiliano ilikiacha.

Tatizo zito zaidi liko kwenye ukusanyaji wa habari za watu wote kabla ya shaka yoyote. Kila laini ya simu nchini Kenya hutakiwa kusajiliwa kwa jina na kitambulisho. WhatsApp husimba ujumbe tangu 2016, hivyo maneno yenyewe hayasomeki njiani. Kampuni ya simu, hata hivyo, hujua nani amempigia nani, saa ngapi, na simu iko karibu na mnara gani. Mahali penye gati moja na mashua chache, hayo yanatosha kueleza safari nzima ya mtu. Hapa dharura ya al-Mawardi haina pa kushika: mleta habari hayupo, mshukiwa hayupo, na hatari bado haijatajwa. Tahadhari ya namna hii humchukulia kila abiria wa Mtangawanda kuwa mshukiwa anayesubiri siku yake, na hiyo ndiyo dhana ambayo aya ya Al-Hujurat imeitanguliza katika makatazo.

Wapo wanaojibu kwamba kisiwani hakuna faragha ya kupoteza, kwani barazani kila mtu anajua nani amekuja na mashua ya asubuhi na nani amekwenda kwa nani. Pingamizi hili lina nguvu kuliko linavyoonekana, na halijibiwi kwa kusifu maisha ya kijiji, ambayo nayo yana udaku na ukatili wake. Jibu liko katika usawa. Jirani anayeijua siri ya mtu naye siri zake zinajulikana; hukutana msikitini, watoto wao huoana, na akivuka mpaka kuna wa kumwonya. Tena jirani husahau. Hifadhi ya data haina haya wala haisahau, na mwenye kuisoma hajulikani na yule anayesomwa. Ni ujuzi wa upande mmoja.

Suala la kusahau lina uzito wa kidini. Muumini anaamini kwamba matendo yake yote huandikwa na malaika, lakini daftari hilo liko kwa Mola mwenye kusitiri, na toba huyafuta yaliyomo. Mtawala anayetaka kuona kila kitu huitafuta sifa ya kujua bila kuwa na uwezo wa kusamehe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inajaribu kuliziba pengo hilo: kifungu cha 40 kinampa mtu haki ya kutaka data zake zisahihishwe au zifutwe. Sheria hiyo imewahi kuzaa matunda. Mwaka 2023 vijana wa Nairobi walipanga foleni wapigwe picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin ili wapewe sarafu za kidijitali. Serikali ikausimamisha mradi mwezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Idhini ya mtu anayelipwa huku ana njaa haifiki kiwango cha idhini inayoifungua nyumba. Hata hivyo kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinaziacha nje data zinazohitajika kwa usalama wa taifa, na mchunguliaji mkubwa kuliko wote hupitia mlango huo.

Maneno yanayosemwa hadharani yana hukumu nyingine. Chapisho lililo wazi kwa wote ni dhahiri, na muhtasibu ana neno nalo. Baada ya vifo vya zaidi ya watu 400 Shakahola, Kaunti ya Kilifi, vilivyogunduliwa 2023, ni vigumu kudai kwamba mahubiri yanayowaua watu kwa njaa yaachwe yaenee. Marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandao yaliyotiwa saini 15 Oktoba 2025 yaliipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti zinazoendeleza itikadi kali za kidini zifungwe. Udhaifu wake ni kwamba anayeamua itikadi ipi ni kali ni kamati wala si hakimu, na Pwani, ambako masheikh na vijana wameshukiwa kwa mavazi na ndevu zao, jambo hilo si dogo. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya vifungu vya marekebisho hayo. Kufunga intaneti ya nchi nzima, kama ilivyofanyika Uganda Januari 2021 na Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hakuna hoja ya kifiqhi iwezayo kukubeba: ni kumwadhibu kila mtu kwa kosa la asiyejulikana.

Sitara haivunjwi na serikali peke yake. Katika harusi nyingi za Pwani wanawake hupiga marufuku simu ukumbini, kwa kuwa picha ya bi harusi ikishatoka hairudi. Sheria hiyo ya wanawake ni kali kuliko ya bunge na inafuatwa zaidi. Anayesambaza picha au mazungumzo ya mwenzake anatenda kosa lilelile la tunduni, na Kenya kosa hilo lina bei: Septemba 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizotumika bila ridhaa ya wazazi. Mkazi wa Mtangawanda aliyefanyiwa hivyo anaweza kulalamika kwa ofisi ya Kamishna huyo kwa maandishi au kwa mdomo. Malalamiko yakiwa ya mdomo, ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuyaandika, na uchunguzi unatakiwa kumalizika katika siku 90.