Filamu Zilipokosa Wanunuzi

Kampuni kongwe hukwama mara nyingi si kwa kukosa mtaji, bali kwa kudhani kwamba yenyewe na bidhaa yake ni kitu kimoja. Fujifilm ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilitegemea filamu za picha hadi kamera za dijitali zilipolikausha soko hilo baada ya mwaka 2000. Mkuu wake wa wakati huo, Shigetaka Komori, aliagiza utaalamu wote wa kampuni uorodheshwe, kisha utafutiwe wateja wapya. Filamu ina kolajeni, sawa na ngozi ya binadamu. Na elimu ya kuzuia picha isipauke husaidia pia kuikinga ngozi isichakae. Ndivyo vilivyozaliwa vipodozi vya Astalift mwaka 2007, jambo ambalo mhasibu makini angelicheka. Utando wa plastiki wa filamu nao uliingia kwenye skrini za televisheni bapa, na mwaka 2008 Fujifilm ikanunua kampuni ya dawa ya Toyama. Mageuzi hayo yaligharimu ajira za maelfu. Kodak, mshindani ambaye mhandisi wake aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, iliomba kinga ya muflisi Januari 2012.