Kasuku Chomboni: Mas'ala ya Amana ya Mwenye Kulevywa na Bahari

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewashika ndege angani na akayaendesha majahazi baharini. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyewahurumia wenye kusema na wasiosema, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mas'ala ambayo watu wa pwani hii, tangu Moa mpaka Pangani, huyadharau kwa udogo wake, ni mas'ala ya mtu asafiriye baharini naye amechukua ndege tunduni. Sura yake ni hii. Mtu wa Tanga ana kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, aliyemlea miaka mingi. Ameazimu kuhamia Wete, wala hataki kumwacha nyuma. Naye ajijua ya kuwa bahari humlevya. Chombo kikiisha kutoka bandarini kikaingia katika mkondo wa Pemba, na kusi ikakipiga ubavuni, yule mtu hulala shetrini, kizunguzungu na kigegezi vimemshika, hana awezalo. Na tundu limetundikwa kwa kamba moja, lasukwasukwa huku na huku. Kasuku amejishika kwa makucha, ametapika, manyoya ya kifua yameloa, na kikombe chake cha maji kimemwagika tangu mwanzo wa safari. Mabaharia wamwambia, "Kasuku, sema!" naye hasemi. Basi je, mtu huyu ana dhambi, au ugonjwa wake ni udhuru?

Wako wasemao kwamba hana lawama. Hoja yao ni kwamba Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza, na mgonjwa ni mgonjwa, awe nchi kavu au baharini. Tena husema kwamba sharia yenyewe imemhurumia mwenye kulevywa na bahari. Na hayo ni kweli. Abu Daud amepokea kwa Bibi Umm Haram ya kwamba Mtume (s.a.w.) amempa bishara mwenye kupatwa na matapishi baharini kuwa ana ujira wa shahidi. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wamesema kwamba aliye chomboni, akiogopa kizunguzungu akisimama, ataswali faradhi yake hali ameketi. Wala kulevywa na bahari si aibu ya mtu: Nelson, amiri wa manowari za Waingereza aliyeuawa vitani mwaka 1805, alikuwa akiugua kila upepo uvumapo kwa nguvu.

Walakini hoja hiyo imechanganya mambo mawili. Kusimama katika sala ni haki ya Mola, naye ni Mkwasi asiyehitaji kitu, ndiye aliyeisamehe. Na maji ya kasuku ni haki ya kiumbe mwenye kiu, naye hajasamehe, wala hana ulimi wa kusamehe, ijapokuwa amefundishwa maneno mia. Tena sala ya faradhi haina wakili. Hapana mtu amsimamiaye mwenziwe katika sala. Kwa hiyo ilipokuwa nzito, ilipunguzwa. Ama kumnywesha ndege, na kulifunga tundu lisisukwesukwe, hayo yana wakili. Jambo liwezalo kufanywa na mtu mwingine halianguki kwa ugonjwa wa mwenyewe. Huhama tu, likatoka katika mkono wake likaingia katika mkono wa mwingine. Na mwenye kulitoa ni yeye, kabla hajaanguka.

Hapa ndipo ilipo siri ya mas'ala haya. Yule mtu hakosi pale shetrini. Pale ni maskini ya Mungu, hata kichwa chake hawezi kukiinua. Amekosa pwani, alipokuwa mzima, miguu yake i katika mchanga, naye ajua ya kuwa bahari itamlevya, asimwambie mtu hata mmoja, "Fulani, nikilala, mwangalie huyu." Udhuru wa jioni haumfai mtu aliyeujua tangu asubuhi akanyamaza.

Wala asiseme mtu kwamba kumfuga ndege ni haramu, ndipo yakaja haya. Ndugu mdogo wa Anas, Abu Umair, alikuwa na kindege chake, na kilipokufa Mtume (s.a.w.) alimliwaza mtoto yule kwa upole, wala hakumkataza kufuga. Na Imamu al-Qaffal, katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi'i, aliulizwa khabari ya kuwafunga ndege matunduni kwa ajili ya kusikiliza sauti zao. Akajibu kwamba yafaa, kwa sharti mwenyewe awatimizie haja zao, kwani ni mfano wa mnyama aliyefungwa kamba. Basi ruhusa imesimama juu ya sharti. Sharti likiondoka, ruhusa nayo huondoka. Na khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka hakuna asiyeijua. Hakuadhibiwa kwa ufukara wa chakula, illa kwa kumfunga: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Kila afungaye mlango juu ya kiumbe amejifanya riziki ya kiumbe yule kupitia mkononi mwake.

Tena kasuku si kama kuku walio katika chombo kile kile. Mwenye kuku akishindwa kuwalisha, sharia humpa njia tatu: alishe, auze, au achinje. Ama kasuku, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu, haliwi. Basi mlango wa kisu umefungwa, zikabaki mbili, kulisha au kuuza. Na kumwachia aruke kati ya bahari si kumpa uhuru. Kasuku wa kijivu asili yake ni misitu ya Kongo na Uganda na nchi zilizo jirani nayo. Katika maji ya Pemba hana mti wala mwenziwe.

Na asidhani mtu kwamba ndege hajui apatwalo. Mtaalamu wa Marekani, Bibi Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu mwaka 1977, akamwita Alex, akamfundisha mpaka alipokufa mwaka 2007. Ndege yule alitaja rangi na maumbo, na akahesabu vitu mpaka sita. Na waganga wameeleza ya kwamba ndani ya sikio mna vijia vyenye maji, vimpavyo mtu khabari ya mwendo. Jicho likitazama ubao wa chombo likasema "tumetulia", na sikio likasema "twaenda", khabari hizo mbili hugombana, na tumbo ndilo lilipalo. Ndege naye ana vijia kama hivyo. Tofauti ni moja: mtu ameipanda bahari kwa hiari yake, na ndege amepandishwa.

Basi yampasayo mwenye safari ni haya. Kwanza, aulize ruhusa za serikali, kwani mwaka 2016 mkutano wa mataifa uliokutana Johannesburg ulipiga marufuku biashara baina ya nchi ya kasuku wa kijivu watolewao mwituni, na mwaka huo huo Tanzania ilitangaza marufuku ya kutoa wanyama pori hai nje ya nchi. Pili, amzoeze ndege safari fupi fupi, aone kama huvumilia. Tatu, amlishe kidogo, saa kadha kabla ya kutweka, wala asimshibishe. Nne, tundu aliweke chini, karibu na mlingoti, kwani katikati ya chombo mtikiso ni haba kuliko omo na shetri. Alifunge juu na chini, na kijiti cha kusimamia akishushe. Upande wa upepo aufunike kwa nguo, na upande mwingine auache wazi. Tano, badala ya kikombe kimwagikacho, ampe vipande vya papai au tango, apate maji ndani yake. Wala asimpe parachichi, kwani ni sumu kwa ndege. Sita, amwepushe na moshi wa jiko na harufu ya mafuta, kwani pafu la ndege ni dhaifu. Tangawizi na atafune mwenyewe. Dawa za watu asimtie ndege kinywani. Saba, nalo ndilo kubwa, aweke wakili asiyelevywa na bahari, amwagize kwa maneno, naye akubali. Na akimwahidi ujira, amlipe. Na matapishi ya ndege na mavi yake ni najisi katika madhehebu, basi nguo ya sala aiweke mbali.

Na likabaki swali moja, ambalo kila mwenye tundu na ajiulize kabla hajaita hamali: amchukua ndege kwa kuwa ndege atadhurika akibaki, au kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kukaa pasipo sauti yake? Ikiwa ni la kwanza, na amchukue kwa masharti hayo. Ikiwa ni la pili, na Tanga ana ndugu au jirani mwenye huruma, basi kumwacha kwa jirani yule ni mapenzi zaidi kuliko kumchukua. Watu wengi husema wapenda, na wapendacho ni raha yao.

Mwenye kulevywa na bahari amepewa bishara ya ujira kwa matapishi yake. Ndege hakupewa bishara hiyo. Walakini imepokewa ya kwamba katika kila chenye ini bichi mna ujira kwa mwenye kukinywesha. Basi mtu yule aweza kufika Wete na ujira mara mbili, wa ugonjwa wake na wa amana yake. Au akafika na mmoja, na mzigo wa pili akaukuta Siku ya Hesabu, siku ambayo asiyesema atasemeshwa.

Mola atujaalie kuwa katika wenye kuchunga amana, nchi kavu na baharini. Naye ndiye Mjuzi zaidi.